Kabla fundi hajapaka rangi nyumba ya wazee

Anza na safari ya chooni usiku. Lala kwenye kitanda cha mzee, zima taa, kisha uangalie: mlango wa choo unaonekana? Swichi inafikika kabla hujashusha miguu? Kama haiwezekani, sogeza kitanda, weka taa ndogo karibu na sakafu iwake usiku kucha. Hili likikosekana, mengine yote ni mapambo.

Halafu rangi. Umri ukisogea lenzi ya jicho huwa ya manjano na mboni hubana. Mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya ule anaoupata kijana wa miaka 20, na bluu na kijani zilizopauka huchanganyika. Sasa tazama vyoo vyetu: vigae vyeupe, beseni jeupe, sinki la choo jeupe. Mzee mwenye uoni hafifu hajui akae wapi. Kikalio chekundu hakigharimu sana, kinunuliwe. Milango yote ya vyoo ipakwe rangi moja iliyokolea, isiyotumika penginepo, na wa stoo uachwe ufanane na ukuta.

Sakafu ising'arishwe. Terazo inayometameta huonekana kama imemwagikiwa maji, na mkeka mweusi mlangoni, kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, huweza kuonekana shimo. Atasimama hapo asivuke.

Vibao vya kuelekeza vije baadaye, kwenye urefu wa mita 1.2 hivi, kwa kuwa aliyepinda mgongo hatazami juu. Viwe na picha pia, maana wengi wa rika hilo hawakupata shule.

Lakini mlango wa chumba chake mtu hautambui kwa namba. Hogeweyk, mtaa wa wenye ugonjwa wa kusahau uliofunguliwa Weesp, Uholanzi, mwaka 2009, ulipanga nyumba kwa kufuata maisha ambayo wakazi waliyazoea. Hilo linatufaa hata huku. Mzee wa Unguja aliyezoea kukaa barazani atatafuta baraza. Ijengwe iwepo, yenye kivuli, ionekane tangu mwanzo wa korido. Mlangoni kwake itundikwe kofia yake au kanga aliyoichagua mwenyewe.

Viti visiwe chini ya sentimita 45, na viwe na mikono imara ya kujiinulia. Kabla hamjalipa, waombeni wazee wawili watatu wavikalie na kusimama.