Namna ya Kuifanya Kazi ya Wakala wa Chama Kituoni: Kwa Wenzangu wa Kigoma

Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 ulitenguliwa na mahakama katika shauri la Dk. Aman Walid Kabourou, mgombea wa CHADEMA aliyetangazwa kushindwa, na kati ya mambo yaliyopimwa yalikuwamo matangazo ya Radio Tanzania yaliyoegemea upande mmoja na ukarabati wa barabara ya Kigoma–Ujiji wakati wa kampeni. Jaji hatengui uchaguzi kwa sababu watu wa Mwanga au Gungu wanahisi wameibiwa. Atataka kujua ni kituo gani, saa ngapi na karatasi ngapi. Kwa hiyo anayekubali uwakala ajue kuwa kazi yake kubwa ni kuandika.

Hakikisha umekula kiapo cha kutunza siri na una barua ya utambulisho ya chama chako. Fika kabla ya saa 1 asubuhi, kwa kuwa sanduku huonyeshwa kuwa tupu kabla ya kufungwa kwa lakiri, na aliyechelewa hana la kusimulia. Nakili namba za lakiri hizo papo hapo.

Saa 10 jioni kituo hufungwa, lakini waliokwisha kuwa kwenye foleni wana haki ya kupiga kura. Kule Kibirizi wavuvi wa dagaa, waliotoka majini alfajiri, hulala kwanza wakaja mchana. Basi simama umtambue mtu wa mwisho kwenye mstari, asikatwe yeye wala asiongezwe mwingine nyuma yake.

Kuhesabu ndiko kunakotaka macho, na ndiko mawakala wengi huponzwa na njaa. (Beba chakula chako na tochi yenye betri mpya.) Kabla hamjaanza kugawa kura za wagombea, linganisheni karatasi. Tuseme kituo kilipokea karatasi 400, waliopiga kura ni 287, na 3 ziliharibika zikabadilishwa: zisizotumika lazima ziwe 110. Zikiwa 95, usikubali kuambiwa kwamba mtarekebisha baadaye. Kura inayobishaniwa iangaliwe na mawakala wote kabla haijawekwa upande wowote. Usiporidhika, jaza fomu ya malalamiko kwa maneno makavu, bila matusi wala jina la mtu ambaye hukumwona kwa macho yako.

Kusaini fomu ya matokeo kwa haraka ili uwahi nyumbani ni kosa lisilorekebishika, hasa kwa kura za urais, kwa sababu Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi. Soma kila tarakimu, zilinganishe na zile ulizoandika mwenyewe, dai nakala yako, kisha uifikishe usiku huohuo kwa wakala wa chama chako atakayekuwapo kwenye majumlisho ya jimbo.