Ndege anaumwa? Anza na chombo cha chakula, dawa baadae

Karibu kila wiki naletewa picha ya kuku au kasuku kajikunyata pembeni, na chini yake swali moja tu: nimpe dawa gani? Umri hakuna, anakula nini hakuna, wamekufa wangapi hakuna, ni dawa tu. Na mimi najibu kwa swali, jana alikula nini na maji yake yalibadilishwa lini, watu wanakasirika wanaona nawazungusha, lakini kwa kesi nyingi ninazokutana nazo tatizo linaanzia kwenye chombo cha chakula, na hata pale ugonjwa ni ugonjwa kweli, ndege aliyelishwa ovyo dawa haimshiki vizuri.

Chukua kifaranga anayepinda shingo, kichwa kinaangalia juu au kinarudi nyuma mpaka anadondoka chali. Mmoja akiona hivyo tu anasema mdondo huo, anaanza kuchimba shimo. Mwingine anasema ni vitamini, anamwaga vitamini kwenye maji kumbe mdondo ndio umeshaingia, kesho kutwa banda zima limelala. Shida ni kwamba wote wanaweza kuwa sawa. Kukosa vitamini B1 kunapindisha shingo, kukosa vitamini E nako kunaharibu ubongo wa kifaranga hasa akila chakula chenye mafuta yaliyochacha, na virusi vya mdondo, au kideri ukipenda, navyo vinapinda shingo hivyo hivyo. Tofauti unaiona ukitulia: mdondo kwa kundi ambalo halijachanjwa hauchukui mmoja ukaishia hapo, ndani ya siku chache wengi wamezubaa, wanahema kwa kukoroma, wanahara kijani, mayai yanashuka ghafla na vifo vinapanda. Kukosa vitamini kunaanza na wachache, hawakoromi, na yule wa B1 ukimuwahi anaweza kunyanyuka ndani ya siku moja mbili mpaka unashangaa. Wa vitamini E hana bahati hiyo, ubongo ukishaharibika haurudi wote. Halafu kuna yule anayekunja vidole kwa ndani kama ngumi na kutembelea visigino, huyo mara nyingi amekosa vitamini B2.

Kwa taarifa yako, sehemu kubwa ya habari ya vitamini ilianzia bandani. Miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman akiwa kisiwani Java aliona kuku wanapooza miguu, kumbe walikuwa wanalishwa mchele mweupe uliokobolewa, walivyopewa ule wenye ganda lake la ndani wakapona. Yeye mwenyewe alidhani mchele mweupe una sumu na lile ganda ndio linaizima, kumbe ganda ndilo lilikuwa na B1. Mwaka 1929 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo wewe unayelisha kuku wako mabaki ya wali peke yake mwezi mzima unarudia jaribio la Eijkman, tofauti ni kwamba wewe hakuna atakayekupa Nobel.

Sasa kosa ninaloliona kuliko yote ni la kuchanganya chakula kwa umri. Mtu ana vifaranga na ana kuku wanaotaga, ananunua chakula cha kutagia anawapa wote, anaona karahisisha. Chakula cha kutagia kina kalsiamu kama asilimia 3.5 mpaka 4, kifaranga anahitaji kama asilimia 1 tu. Hiyo ya ziada inapita kwenye figo zake na figo zinashindwa, ukija kumpasua unakuta moyo na ini vimepakwa kitu cheupe kama unga wa chaki. Hakuna dawa hapo. Na kinyume chake ni kumpa anayetaga chakula cha kukuzia, ganda moja la yai linabeba karibu gramu 2 za kalsiamu na asipoipata kwenye chakula anaivuta kwenye mifupa yake mwenyewe, kwanza ganda linakuwa laini, halafu siku moja unamkuta kalala ubavu hawezi kusimama na mwenye kuku anasema amepooza, nimpe antibayotiki gani. Ganda linajengwa zaidi usiku, ndio maana wafugaji wazoefu wanaweka vipande vya ganda la konokono au chaza jioni kwenye chombo chake peke yake, vipande vikubwa kidogo sio unga, vinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku kucha. Protini nayo inashuka kadri kuku anavyokua: kifaranga wa nyama asilimia 21 mpaka 23, kifaranga wa mayai 18 mpaka 20, anayekua 15 au 16, akianza kutaga unarudi 16 mpaka 18. Ukiamua kuchanganya mwenyewe sawa, ila premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini, usiipime kwa kiganja.

Na maji jamani. Kuku anakunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, joto likizidi ni zaidi ya hapo, ukimkatia maji anaacha kula na anayetaga anaacha kutaga. Chombo chenye utelezi ukikipitisha kidole ndani, hicho ni kichafu hata kama maji yanaonekana masafi.

Uvundo kwenye chakula ndio kitu ambacho watu hawakiogopi kama inavyotakiwa. Mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, madaktari wakahangaika kutafuta virusi, wakakosa, mwishowe ikajulikana ni mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu, na hapo ndipo sumukuvu ya aflatoksini ilipogunduliwa. Sumu hiyo haitoki kwa kuanika juani na haitoki kwa kuchemsha, ukungu unaweza kufa lakini sumu inabaki. Inakula ini, inashusha kinga, ndio unakuta kundi limechanjwa vizuri na bado linaumwa. Nafaka iwe imekauka, unyevu usizidi asilimia 13, magunia yakae juu ya mbao mbali na ukuta. Na yale mahindi yaliyooza ambayo umeona hayafai kwa binadamu ukasema basi ya kuku, hapana, bata na bata mzinga ndio wanaumia haraka kuliko hata kuku.

Tukija kwa kasuku na ndege wa ndani hadithi inafanana ila chakula kibaya kwao kinaonekana kama upendo. Kasuku anapenda alizeti, basi anapewa alizeti asubuhi mpaka jioni, miaka. Mbegu zina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A karibu hakuna. Baada ya muda ini linajaa mafuta, mdomoni yanatokea mabaka meupe, pua zinaziba, macho yanavimba pembeni, na mwenye ndege anatafuta dawa ya mafua. Anapona wiki moja, yanarudi. Kinachotakiwa ni karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, majani ya kijani kibichi, na peleti za ndege, yaani chakula cha kiwandani kilichoshindiliwa vipande vidogo, ziwe ndio chakula kikuu. Ila usimbadilishie siku moja! Kuna kasuku ataona peleti sio chakula kabisa na atashinda njaa mpaka afe, sasa unachanganya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na kila asubuhi unampima kwa mizani ya gramu kabla hajala. Akipungua asilimia 10 simama, mrudishie alichozoea, utajaribu tena. Ndege mdogo kama bajerigari ana gramu 30 mpaka 40 tu, gramu 3 kwa macho huzioni lakini mizani inaziona. Ndege ni mnafiki kwenye ugonjwa, anaficha mpaka siku anashindwa, ukimkuta kavimbisha manyoya chini ya kitundu ujue ameumwa zamani.

Kasuku wa kijivu nao wana yao, kalsiamu kwenye damu ikishuka wanapata degedege, na kumuweka karibu na dirisha lililofungwa hakusaidii kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia ile miale ya jua inayotengeneza vitamini D. Parachichi usimpe, chokoleti usimpe, kahawa usimpe. Na kile kikaango kisichoshika chakula kikisahaulika kwenye moto mpaka kikaungua, mvuke wake unaua ndege ndani ya dakika chache hata kama yuko chumba cha pili, mapafu ya ndege yanavuta hewa kwa ufanisi kuliko yetu na sumu pia inaingia hivyo hivyo.

Haya, dawa. Sizikatai, nakataa namna tunavyozitumia. Kuku akihara damu mara nyingi ni koksidia, vijidudu vya kwenye utumbo, na amproliamu ni dawa nzuri, lakini amproliamu inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, mdudu anaimeza badala ya ile ya kweli. Sasa mtu huyo huyo anaweka amproliamu asubuhi na maltivitamini yenye B1 mchana "ili wapate nguvu", yaani anaizima dawa yake mwenyewe kwa mkono wake. Maliza dozi kwanza, vitamini zifuate. Na usipotoa maranda yaliyolowana, mayai ya hao wadudu yanakomaa ndani ya siku moja au mbili tu kwenye unyevu na joto, utatibu mpaka uchoke. Antibayotiki ya oksitetrasaiklini inashikana na kalsiamu, kwa hiyo ukiiweka kwenye chakula chenye chokaa nyingi au ukaichanganya na maziwa, sehemu kubwa ya dawa inatoka na kinyesi. Tiamulini, antibayotiki nyingine, usiithubutu kwa kuku wanaokula chakula chenye monensini au salinomaisini, zile dawa za kuzuia koksidia zinazowekwa kwenye chakula, zikikutana wanapooza na wengine kufa, na hiyo salinomaisini yenyewe ni sumu kwa bata mzinga, kwa hiyo ukiwa na aina mbili za ndege soma kwanza kilichoandikwa kwenye mfuko.

Mdondo, gumboro, ndui, hivyo vyote ni virusi, antibayotiki haivigusi. Kinachosaidia ni chanjo kabla, na ile ya mdondo na gumboro inayonyweshwa kwenye maji tunaiua wenyewe kwa maji ya bomba yenye klorini. Tumia maji yasiyo na klorini, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, wanyime maji saa moja mbili kabla ili wawe na kiu, na ile chanjo iishe ndani ya masaa mawili. Wakiwa wachache tone la jicho ni uhakika zaidi, unajua kila mmoja kapata. Usichanje walioanza kuumwa.

Halafu siku za kusubiri, ambazo zimeandikwa kwenye kila chupa na karibu hakuna anayezisoma. Umetibu leo, kesho unauza mayai, ile dawa anaila mtoto wa mtu. Marekani waliiondoa antibayotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya bakteria sugu, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia 2006. Na nusu dozi, ile ya siku mbili akichangamka unaacha, ndio inafuga usugu vizuri kabisa. Kwa kasuku dawa kwenye maji ni bahati nasibu, anaumwa hanywi, akinywa ladha inamkera anaacha, bora daktari akuoneshe kumpa mdomoni kwa uzito wake.

Wakianza kufa, kabla hujanunua chochote mpeleke mmoja maabara akapasuliwe. Awe amekufa karibuni, mtie kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, muweke kwenye ubaridi wa friji ya kawaida na sio kwenye friza, akiganda nyama zinaharibika na mpimaji haoni kitu. Beba na kiganja cha chakula walichokuwa wanakula, karatasi ya tarehe za chanjo, na jina la kila dawa uliyoshawapa, hata ile unayoona aibu kuitaja.