Jinsi ya kuchora ramani ya macho ya ukoo wenu kabla hujaenda kupima

Daktari wa macho akiuliza kama kwenye familia kuna mwenye shida ya macho, wengi wanajibu hapana, afu wakishatoka ndo wanamkumbuka babu aliyekuwa anashikwa mkono. Kwa hiyo chukua karatasi, andika wazazi, ndugu zako, babu na bibi wa pande zote, wajomba na mashangazi.

Sasa usiwaulize "unaumwa macho?" maana utajibiwa hovyo. Uliza alianza miwani na miaka mingapi, na haoni mbali au karibu. Aliyeanza ya kusomea akiwa na 40 na kitu mpite, huo ni umri tu unampata kila mtu. Wewe mtafute yule aliyekuwa haoni ubaoni shuleni, hiyo ndo mayopia, jicho limerefuka kupita kiasi na picha inaishia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kutua juu yake.

Mayopia ya kawaida haina jeni moja, zinachangia mamia na kila moja inasukuma kidogo kidogo, mzazi mmoja akiwa nayo hatari ya mtoto inapanda, wakiwa wote wawili inapanda zaidi ila bado si lazima aipate. Mtoto wa hivyo mpime mapema na mtoe nje mchana, kama masaa 2 kila siku, inasaidia kuichelewesha. Na akiandikiwa miwani mpe jamani, kumnyima eti macho yatazoea uvivu ni kumtesa bure!

Upofu wa rangi nyekundu na kijani wenyewe unapitia kwa mama, mama akiubeba kila mtoto wa kiume ana nusu kwa nusu, kwa hiyo kwa mtoto wa kiume usihangaike na baba, muulize babu mzaa mama na wajomba. Presha ya macho mwanzoni haina maumivu wala dalili, mzazi au ndugu yako wa tumbo moja akiwa nayo kapime hata kama unaona fresh. Anayepapasa gizani tangu ujana muandike pia, inaweza kuwa ugonjwa wa retina wa kurithi. Halafu mtoto mdogo akitoka na mboni nyeupe kwenye picha ya flashi usisubiri ramani yoyote, mpeleke leo leo, inaweza kuwa saratani ya jicho.

Siku ya kwenda beba karatasi na namba za miwani yako. Kama ni -6 au kali zaidi ya hapo omba waangalie na retina, watakuwekea matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa masaa kadhaa, kwa hiyo tafuta mtu wa kukuendeshea gari.