Jinsi ya Kuomba Kozi ya Sanaa, Habari na Mawasiliano Ukiwa Lamu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka, swali la barazani Langoni na Mkomani huwa moja: "Sasa wampeleka wapi?" Mzazi akijibu udaktari, watu humwombea dua mwanawe na mazungumzo yakahama. Akijibu uanahabari, filamu au uchoraji, hapo ndipo maswali yanapoanza: huko husomwa nini hasa, kuna kazi gani, na kwani kupiga picha nako kwahitaji chuo? Mwongozo huu ni wa kijana anayesemwa na wa mzazi anayeulizwa. Unamfaa aliyefanya KCSE na anayetaka nafasi ya serikali kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya wengi wetu.

Anza na kazi, si na jina la kozi

Hatua hii haimo kwenye fomu yoyote, ila ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote. Majina ya kozi za fani hii yanafanana mno, na anayechagua kwa jina peke yake ananunua mbuzi kwenye gunia.

Chukua Maulidi ya Lamu uone tofauti. Mwanahabari anauliza: wageni wamelala wapi, bei za vyumba zimepandaje, wakaazi wanasemaje, na nani amethibitisha hayo. Mtu wa mawasiliano alishamaliza kazi yake kubwa kabla wageni hawajafika: ndiye aliyeandika mialiko, taarifa ya wenyeji kwa magazeti na majibu ya malalamiko yatakayokuja. Mtangazaji wa redio anahangaika na kipaza sauti kisishike upepo wa bahari wakati matari yanalia Riyadha. Wa filamu yuko juu ya paa tangu alasiri, anangoja jua lishuke lipige kuta. Msanifu wa michoro ndiye aliyetengeneza bango ambalo kila mtu amelituma kwenye WhatsApp bila kujua ni kazi ya nani.

Jiulize ungependa kuwa yupi kati ya hao. Ukijibu "yule wa kwenye paa", usijaze kozi ya mawasiliano ya umma ati kwa sababu ina neno mawasiliano. Unaweza kuisoma miaka minne ukaandika ripoti nyingi na kamera ukaishika kwa nadra. Na ukipenda kuhoji watu, kufukua jambo lililofichwa na kuandika kwa haraka, kozi ya filamu itakuchosha kwa kungoja mwanga.

Ukishajua, fungua tovuti za vyuo usome orodha ya masomo ya kila mwaka. Kozi yenye saa nyingi za studio na yenye nadharia tupu zinaweza kubeba jina lile lile. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha uanahabari tangu 1970. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, iliyoko South B, Nairobi, ilianza 1961 na inajulikana zaidi kwa mafunzo ya vitendo ya redio na televisheni. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya filamu na sanaa za maonyesho, na Chuo Kikuu cha Multimedia nacho kimejikita kwenye habari na teknolojia yake. Karibu na nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, ambacho kina tawi hapa Lamu. Ila tawi halifundishi kila kozi ya makao makuu, uliza kwanza.

Chuo cha kibinafsi kikikufuata na vipeperushi vyenye picha za studio, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa: shahada huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na diploma na vyeti vya ufundi viko chini ya TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Studio ya kwenye kipeperushi huenda hata si yao.

Pima gredi zako

Shahada yataka gredi ya wastani ya C+ kwenda juu, diploma C-, na cheti D. Chuo kinaweza kuongeza sharti lake, na katika fani hii sharti hilo mara nyingi ni gredi nzuri ya Kiingereza au Kiswahili.

KUCCPS hupanga kozi kwa klasta, yaani makundi ya kozi zinazopimwa kwa masomo ya aina moja, na habari, filamu na sanaa zimo katika klasta moja na sayansi ya jamii. Huchukuliwa masomo manne na kutolewa alama ambazo juu kabisa ni 48. Huna haja ya kupiga hesabu mwenyewe, tovuti itakuonyesha zako. Unachopaswa kujua ni kwamba Kiingereza au Kiswahili ndicho kinachoongoza klasta hii, na IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) imo katika kundi moja na Historia, Jiografia na CRE (ya Kikristo). Nayasema haya kwa sababu kila mwaka kuna mtoto wa Amu, Faza au Matondoni aliyepata A ya Kiswahili na A ya IRE ambaye ameambiwa masomo hayo hayampeleki popote. Hapa yanampeleka.

Aliyepata C au C- asikate tamaa wala asikimbilie kurudia mtihani. Diploma ya habari yenye mazoezi mengi inaheshimika katika vyumba vya habari, na mwenye diploma nzuri anaweza kuendelea na shahada baadaye.

(Mwenye mdogo wake aliyeingia Gredi ya 10 mwaka 2026: huko mambo ni mengine. Kuna mkondo mzima wa Sanaa na Michezo, na KCSE ya mfumo wa zamani inafika mwisho 2027. Usimpe mwongozo huu.)

Tengeneza majina kabla ya kugusa tovuti

Hapa ndipo watu wa Lamu hukwama kuliko wa bara. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha mtihani kinasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohammed. Othman ni Athman, na jina la babu limo kwenye karatasi moja likakosekana kwenye nyingine. Nyumbani sote twajua ni mtu mmoja. Kompyuta haijui, na ofisi ya mkopo haitajali kwamba mtaa mzima wakufahamu.

Tandaza karatasi zote mezani: cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo, kitambulisho chako kama unacho, na vitambulisho vya wazazi. Soma herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, jina la KCSE ndilo gumu kuligeuza, kwa hiyo mengine ndiyo yalifuate. Tofauti ndogo huwezekana kumalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani. Cheti cha kuzaliwa chenye kosa au kilichopotea huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Anayekaa Kizingitini au Kiunga ajumlishe na siku za kusubiri boti. Fanya kazi hii mapema, matokeo yakitoka tu.

Kujaza maombi

Tovuti ni students.kuccps.net. Unaingia kwa nambari ya mtihani ya KCSE, yenye tarakimu 11, mwaka wa mtihani, na nenosiri ambalo mwanzoni ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, uliyosajiliwa nayo. Badilisha nenosiri hilo papo hapo. Ukitumia saiba, kaa wewe kwenye kiti, kijana wa saiba asimame nyuma akuelekeze. Wapo waliojikuta wamepangiwa kozi wasiyoijua kwa sababu walimwachia mtu nambari zao wakaenda kula viazi karai.

Weka baruapepe na simu unazozitumia kweli, si za binamu aliyeko Mombasa.

Ada ya maombi ya shahada ni shilingi 1,500 na hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, kwa nambari ya akaunti utakayopewa na tovuti. Anayekwambia umtumie kwenye simu yake akulipie "kwa haraka", mshukuru na umpite.

Kisha tafuta kozi zako. Kila kozi ina nambari yake, na kozi ile ile ina nambari tofauti kwa kila chuo, hivyo nakili nambari kwa kalamu kabla ya kuijaza. Pembeni utaona alama za klasta za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Alama hizo si sharti, hupanda na kushuka kulingana na walioomba, lakini zinakupa picha. Iwapo zako zinazidi kidogo au zinalingana, weka kozi hiyo juu. Halafu shuka: chaguo linalofuata liwe kozi ile ile au ya jirani yake katika chuo chenye alama za chini zaidi, na la mwisho liwe lile ambalo una uhakika nalo. Makosa ninayoyaona ni mtu kujaza uanahabari juu, kisha chini akamalizia na kozi yoyote "isikae wazi". Mfumo hauchukulii chaguo la chini kuwa utani. Ukikosa la juu utapangiwa hilo, na nafasi za kurekebisha zikifungwa utakuwa umeshakuwa mwanafunzi wa kitu usichokitaka.

Usingoje siku ya mwisho. Siku hiyo mtandao ni mzito nchi nzima, na hapa stima ikikatika na bando likaisha huna pa kukimbilia. Ukishawasilisha, piga picha ya ukurasa wa uthibitisho.

Fedha

Ukishapangiwa, ingia hef.co.ke, tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu, uombe ufadhili na mkopo wa serikali kwa ombi moja. Utatakiwa vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo kwa yatima, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Jibu kuhusu hali ya nyumbani kwa ukweli na kwa ukamilifu. Kama baba ni mvuvi asiye na mshahara, andika hivyo. Aliyepangiwa chuo kikuu cha kibinafsi hapati ufadhili, ila mkopo anaweza kuomba.

Basari ya kaunti na ya NG-CDF, hazina ya eneo bunge, huombwa kando, Lamu Mashariki au Magharibi kulingana na mzazi anapopigia kura, na fomu nyingi hutaka sahihi ya chifu na muhuri wa chuo. Kwa hiyo kwanza upate barua ya kujiunga na chuo.

Katika bajeti usisahau vifaa. Wa filamu na picha atahitaji kompyuta yenye nguvu ya kuhariri, na wa sanaa atanunua rangi na karatasi kila muhula. Kamera inaweza kungoja, vyuo vingi huazima.

Barua ikishatoka

Barua ya kujiunga huipakua kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Isome yote, hasa tarehe ya kuripoti, fomu ya daktari na akaunti ya benki ya karo.

Kabla hujaondoka, kusanya kazi. Rekodi nahodha akieleza pepo za kaskazi na kusi, mpige picha fundi wa milango akichonga, andika habari fupi za gati la Mokowe, na kila mtu umwombe ruhusa kwanza. Chuo hakitakudai hayo siku ya kwanza, lakini ukifika wakati wa kutafuta mafunzo ya kazini, mhariri atakuuliza umefanya nini, na wenzako wengi hawatakuwa na la kuonyesha. Wakati huo huo uliza chuoni kuhusu kadi ya mwanafunzi ya Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo ndilo linalowatambua rasmi wanahabari nchini.

Tikiti ya basi la kutoka Mokowe ikate mapema, wiki za kufungua vyuo mabasi hujaa. Vyeti halisi viwe mkononi, visiwe kwenye sanduku la chini ya basi, na nakala ziwe mahali pengine. Picha za pasipoti piga hapa hapa Amu, nyingi, maana kila ofisi chuoni itataka yake.