Nit-picking si sifa njema

Katika neno la Kiingereza nit-picking, nit ni yai la chawa. Mayai hayo hugandia kwenye nywele, kwa hiyo kuyatoa kunataka kupekua unywele mmoja mmoja. Katikati ya karne ya 20, Wamarekani wakaanza kulitumia kwa mtu anayechambua kupita kiasi, yule anayeng'ang'ania mkato uliokosekana na kuiacha hoja nzima. Linakera, kwa hiyo usilitumie kwa mhariri au mkaguzi wa hesabu ukidhani unamsifu. Mwite meticulous au thorough, yaani mtu makini, asiyeacha kitu. Na ukiwatafsiria Watanzania, andika “mtafuta kasoro ndogondogo”. Usimtaje chawa kabisa, maana mitaani siku hizi chawa ni mpambe anayesifia wakubwa, kinyume kabisa cha mkosoaji.