SOMO: Kusoma orodha ya vikosi vya Tanga na Longido, Novemba 1914 (soma yote kabla ya kuuliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Waingereza walileta rejimenti ngapi Tanga kupigana na Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza?" Namjibu mmoja, kesho yake anakuja mwingine na swali lilelile, tena chini ya jibu langu. Basi naandika mara moja. Admin tafadhali ibandike juu.

Unahitaji daftari, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iache, utafuta sana.

Hatua ya 1. Tenganisha safari mbili. Kikosi B kilikuja kwa meli kutoka Bombay hadi Tanga chini ya Meja Jenerali Aitken. Kikosi C kilivuka mpaka kwa nchi kavu kutoka upande wa Kenya, kupitia Namanga hadi Longido, chini ya Brigedia Jenerali Stewart. Vyote vilipigana 3 Novemba, ndiyo maana watu wanavichanganya.

Hatua ya 2. Kwa Tanga, chora brigedi mbili (brigedi ni batalioni kadhaa chini ya kamanda mmoja; batalioni ni kikosi cha watu mia kadhaa, na ndani yake mna kombania): ya 27 (Bangalore) ya Wapshare, na ya Imperial Service ya Tighe.

Hatua ya 3. Panga vikosi chini ya brigedi yake. Kwa Wapshare: 2nd Loyal North Lancashire (hawa ndio Waingereza wenyewe, vikosi vingine vyote ni vya Kihindi), 63rd Palamcottah, 98th Infantry, 101st Grenadiers. Kwa Tighe: 13th Rajputs, 2nd Kashmir Rifles, nusu ya 3rd Kashmir na nusu ya 3rd Gwalior. Pembeni, nje ya brigedi zote mbili, weka 61st Pioneers, 28th Mountain Battery na mafundi wa Faridkot. Majina usiyatafsiri. "Grenadiers" wa 1914 si warusha mabomu, ni askari wa miguu kama wengine. Pioneers nao ni askari wa miguu waliofunzwa pia kuchimba na kutengeneza barabara.

Hatua ya 4. HAPA NDIPO NILIPOAIBIKA. Miaka ya nyuma niliombwa kuwaeleza wanafunzi vita vya Tanga. Nikachora chati kwenye manila, rangi tatu, nikajiona. Kila kikosi cha Kihindi kimeandikwa "rejimenti", na mimi nikajua rejimenti ina batalioni tatu. Nikahesabu majina tisa, mara tatu, mara watu 800: zaidi ya 21,000. Nikawatangazia. Nyuma ya darasa alikaa mzee mmoja mstaafu wa jeshi, akaninyanyulia mkono kama mwanafunzi: "Mwalimu, hao watu elfu ishirini pale Ras Kasone waliposhukia walikunywa maji ya nani?" Darasa lilicheka mpaka kengele. Manila ile ninayo hadi leo, nimeigeuza kitambaa cha meza ya chai.

Ukweli ni huu. Katika jeshi la India la wakati ule, vikosi vya miguu kama hivi vyenye namba vilikuwa na batalioni moja tu. 101st Grenadiers ni batalioni moja. 63rd ni batalioni moja. Kikikamilika kinakuwa na watu kama 750. Loyal North Lancashire ni rejimenti ya Uingereza yenye batalioni kadhaa, lakini ile "2nd" mbele ya jina inakwambia imekuja ya pili peke yake. Na zile nusu mbili, Kashmir na Gwalior, ukiziunganisha unapata batalioni moja. Jumla: batalioni nane. Zidisha, ongeza wapiga mizinga, mafundi na watu wa reli, unaangukia kwenye 8,000 hivi.

Onyo la kwanza: USIZIDISHE kabla hujajua "rejimenti" ya nani. Onyo la pili: ndani ya batalioni ya Kihindi utakuta kombania nane, na wakati huohuo utakuta zimeandikwa nne. Zote sahihi, maana kombania mbilimbili ziliunganishwa chini ya afisa mmoja wa Kiingereza. Ukikuta "kombania mbili zilisogea mbele", uliza kwanza ni ndogo au ni za kuunganishwa. Nusu ya askari wako inaweza kupotelea hapo.

Hatua ya 5. Upande wa Wajerumani sahau brigedi na batalioni. Hesabu kombania. Vita vilipoanza walikuwa na kombania 14 za askari Waafrika, zinazoandikwa FK (Feldkompanie), na zikaongezwa haraka. Kila moja watu kati ya 150 na 200, ina bombom (bunduki za mashine) zake, wapagazi wake na maafisa wake wachache wa Kizungu. Kombania moja ingeweza kukaa peke yake porini miezi mizima bila kumwomba mtu unga. Kumbuka hilo, litarudi chini.

Tahadhari: zipo pia kombania za Wazungu, walowezi wenye mashamba, nazo zina namba zao zenyewe, zinaandikwa Sch.K. (Schützenkompanie). Kwa hiyo 7 FK na 7 Sch.K. ni watu tofauti kabisa. Tom von Prince, yule ambaye wazee wa Usambara walimwita Bwana Sakarani, aliuawa Tanga 4 Novemba akiwa na walowezi.

Hatua ya 6. Keya (KAR, yaani King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza) usiwaweke kwenye vita vya Tanga. Aitken hakuwachukua.

Hatua ya 7. Vyeo. Ukikuta "jemadar" kwenye orodha ya Wahindi, usiandike "jemadari" ukadhani umempata mkuu wa majeshi. Kwao jemadar ni ngazi ya chini kabisa ya maafisa wa Kihindi, juu yake yupo subedar. Neno ni lile lile, sisi tulimpandisha cheo.

MASWALI

Mdau wa Muheza: Mkuu, somo refu sana. Kwa ufupi rejimenti ngapi?

Hatua ya 4.

Mdau wa Muheza: Nimeisoma. Kwa hiyo nane?

Batalioni nane. Ukiandika rejimenti nane bila kueleza, kuna mtu atazidisha kwa tatu.

Mchangiaji wa Arusha: Mbona sehemu nyingine wameandika 9,000? Wewe 8,000 umeitoa wapi?

Nimeandika "8,000 hivi", hilo "hivi" sikuliweka kama urembo. Wengine wanahesabu na watumishi wa kambi wasio na silaha, wengine hawahesabu. Ukiniletea idadi, niletee na walichohesabu.

Dada wa Mombasa: Samahani mwalimu, nimeona Keya wa 1914 wana batalioni ya 1, ya 3 na ya 4. Ya 2 ilikwenda wapi?

Swali zuri, na hujui ulivyonifurahisha. Ya 2 ilivunjwa 1911 kupunguza gharama, wenzake wakabaki na namba zao. Ikafufuliwa 1916. Na ukifika hapo jihadhari: 1914, "3 KAR" ni batalioni moja ya Kenya. Baadaye jeshi lilipopanuliwa, 3 KAR ikawa rejimenti kweli, utaona 1/3 na 2/3. Hiyo 1/3 si theluthi, ni batalioni ya 1 ya rejimenti ya 3. Mpaka vita vinakwisha Keya walikuwa na batalioni 22. Kwa hiyo ukitafuta jina la mzee wako, andika mwaka kwanza, namba baadaye.

Kijana wa mzaha: Na wale nyuki waliovamia askari vitani Tanga walikuwa brigedi gani? 😂

Hawakuwa na brigedi wala hawakufunzwa na Mjerumani. Waliuma pande zote. Waliopata zaidi ni 98th Infantry. Tuendelee.

Mwanafunzi, Korogwe: Shikamoo mwalimu. Lettow-Vorbeck, mkuu wa Wajerumani, alikuwa na watu kama elfu moja tu. Kwa nini wale wengi walishindwa?

Marahaba. Rudi Hatua ya 5. Kombania za FK zilikuwa vipande vinavyojitegemea, kwa hiyo zilipakiwa kwenye gari moshi Moshi, zikashuka Tanga, zikaingia vitani kila moja kama ilivyo. Kikosi B kilikuwa kimeunganishwa karatasini: askari wa Kashmir, wa Gwalior, wa Madras na wa Lancashire, lugha mbalimbali, wengi hawajawahi kupigana pamoja hata siku moja, wametoka melini baada ya wiki mbili na zaidi za bahari. Sasa chukua chati yako, panga mstari wa tarehe 4: kulia Kashmir, kisha North Lancashire, kisha 63rd, kushoto kabisa 101st. Futa 63rd, maana walivunjika. Unaona shimo? 101st wamebaki peke yao, na 13 FK ikawapiga ubavuni. Wa kulia walikuwa tayari wameingia mjini. Tarehe 5 wakarudi melini.

Mchangiaji wa Arusha: Longido umeipita haraka.

Kweli. Stewart alipanda na watu takriban 1,500 dhidi ya watu wa Meja Kraut, Mjerumani. Kwa somo hili kitu kimoja tu: kwenye chati yako chora na nyumbu. Nyumbu wa mizigo, mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti. Waliobeba maji walitimka, na jeshi lisilo na maji pale Longido likarudi Namanga usiku. Watu huacha wanyama na wapagazi nje ya chati. Kumbe Kariakoo yetu yenyewe ilipata jina kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza.

Mama wa Handeni: Mwanangu, babu yake mama yangu alikuwa shaushi. Tuliambiwa alikuwa "namba kumi na tatu", hatujui ya nini. Ni hao Rajputs?

Shikamoo mama. Hapana, Rajputs walikuwa Wahindi, na sajenti wao huitwa havildar. Shaushi (sajenti) na ombasha (koplo) ni vyeo vilivyokuja na Wasudani ambao Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliwaandika Misri 1889, vikabaki kwa askari wa Wajerumani. Askari Wasudani wa Waingereza kule Uganda nao walivitumia, ila kwa mtu wa Handeni naelekea zaidi upande wa Mjerumani. Basi kumi na tatu inaweza kuwa 13 FK, niliyoitaja hapo juu. Kombania hiyo kituo chake kabla ya vita kilikuwa Kondoa Irangi. Kwenu kuna anayekumbuka Kondoa ikitajwa?

Mama wa Handeni: Marahaba. Bibi alizaliwa Kondoa! Tulikuwa tunashangaa siku zote amefikaje huko.

Mama, nipe siku mbili. Na muulize mkubwa yeyote aliyebaki: mzee alikuwa akisimulia juu ya gari moshi?