Kabla ya Masika: Mambo ya Kuzingatia katika Nyumba ya Kupangisha Dar es Salaam

Nyumba nyingi za kupangisha Dar es Salaam hukarabatiwa wakati usiofaa kuliko wote, yaani dari ikishavuja. Mpangaji humpigia simu mwenye nyumba usiku wa Aprili, mwenye nyumba humtafuta fundi ambaye siku hiyo anatafutwa na nusu ya mtaa, na fundi akifika hukuta bati limelowa na linateleza, akaishia kupaka lami ambayo haiwezi kushika juu ya maji. Wiki moja baadaye panavuja pale pale, na lawama zinaanza. Hali hii si ya lazima, kwa kuwa majira ya jiji hili yanafahamika. Masika huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko mingine. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Na katikati ya misimu hiyo kuna kiangazi kifupi cha Januari na Februari pamoja na kipindi kirefu cha Juni hadi Septemba, ambapo upepo wa kusi huvuma na hewa hupoa kidogo.

Kazi za nyumba zipangwe katika vipindi hivyo viwili, na kwa maoni yangu zisigawanywe sawa. Kupiga plasta, kupaka rangi na kubadilisha mabati ni kazi za Juni hadi Septemba, kwa sababu plasta mpya huhitaji takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi, na kiangazi cha mwanzo wa mwaka hakitoshi kwa hesabu hiyo fundi akichelewa hata kidogo, jambo ambalo sote tunajua kwamba hutokea. Februari iachiwe ukaguzi, usafi na marekebisho madogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu. Ni vyema kuusoma kabla ya kumkabidhi fundi fedha ya awali, kwani mvua ikitarajiwa kuwahi, kazi ya nje iliyofikia nusu huwa mbaya kuliko ile ambayo haijaanza.

Kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi, pande mbili zikubaliane nani anawajibika kwa lipi. Mikataba mingi ya upangaji hapa mjini, hasa inayopitia kwa dalali, hueleza vizuri kodi ya miezi sita na tarehe ya kuilipa, kisha kuhusu matengenezo ikasema tu kwamba mpangaji ataitunza nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa mpangishaji wajibu wa kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu pale ambapo sehemu tu ya jengo ndiyo iliyopangishwa, lakini haitamaliza ubishi wa nani atoe majani ya mwembe kwenye mfereji wa paa, wala nani alipie gari la kunyonya majitaka katika nyumba yenye wapangaji sita wanaotumia uwani mmoja. Mambo hayo yaandikwe. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni kwamba kinachochakaa kwa umri wa jengo ni cha mwenye nyumba, kinachochafuka kwa matumizi ya kila siku ni cha mpangaji, na kinachojaa kwa matumizi ya wote kigawanywe kwa idadi ya watu, si kwa idadi ya vyumba. Ukaguzi wenyewe ufanywe na wote wawili, wakipiga picha za kila sehemu yenye kasoro. Mpangaji aliyekwisha kutoa taarifa kwa mdomo aitume pia kwa ujumbe wa maandishi. Baba mwenye nyumba hatavunjiwa heshima kwa kuandikiwa.

Paa ndilo linalostahili muda mrefu zaidi. Katika maeneo yanayopigwa na upepo wa bahari, kama Kigamboni, Msasani na Kunduchi, chumvi iliyomo hewani hula bati kabla ya umri wake, na kutu haianzii katikati ya bati bali kwenye misumari, kwenye skrubu na kwenye kingo zilizokatwa, mahali ambapo ule utando wa zinki umekwisha kuvunjwa. Fundi aulizwe hasa kuhusu raba zilizo chini ya vichwa vya misumari, kwa kuwa jua huzikausha zikapasuka, na tundu linalobaki ni dogo kiasi kwamba mtu aliye chini hawezi kuliona. Aangalie pia kofia za paa na mahali bati moja linapolalia jingine, na akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako kuna mbao chini yake, asije akatoboa matundu mapya wakati anaziba ya zamani. Kingo zilizolegea zikazwe hata kama hazivuji, kwa sababu upepo huanza kung'oa bati pembeni. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024, wenye mabati yaliyolegea walikuwa na sababu ya kukesha. Ikilazimu kununua bati jipya, ikumbukwe kwamba geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa, na si kila muuzaji atajitaabisha kulieleza hilo.

Kosa la kawaida ni kuziba paa juu ya mahali penye doa. Maji yakipenya hutambaa juu ya mbao za kenchi hadi yapate pa kudondokea. Katika nyumba niliyowahi kupanga Tabata, doa lilikuwa juu ya mlango wa chumba cha kulala, na mafundi wawili kwa nyakati tofauti walipaka lami juu ya doa hilo bila mafanikio. Tundu lilikutwa karibu na kofia, umbali wa mita tatu hivi. Njia rahisi ya kulitafuta ni kuingia juu ya dari saa sita mchana, kuzima tochi na kutazama nuru inapopenya, kisha kumwambia mtu aliye nje agonge bati mahali hapo na kupatia alama. Njia hii haina gharama, ila inahitaji jua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuifanya Februari.

Mfereji wa paa, au gata kama wengi wanavyouita, hudharauliwa mpaka mtu apige hesabu. Mvua ya milimita 50, ambayo masika inaweza kunyesha kwa siku moja, ikianguka juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 5,000 za maji, yaani tangi kubwa la plastiki lililojaa. Gata likiwa limeziba, maji yote hayo humwagikia kwenye msingi na kwenye ule ubao wa ukingo wa paa, fisha bodi, ambao huoza kwa ndani huku rangi yake ikiwa bado inang'aa. Gata lisafishwe mwishoni mwa Februari, kisha imwagwe ndoo moja ya maji upande wa juu na kutazamwa kama yanafika chini yote au yanatuama. Yafuatiliwe pia yanakoelekea baada ya kushuka. Katika miteremko ya Kimara na Goba, maji yasiyoongozwa huchimba ardhi chini ya ukuta wa jirani, na kesi ya namna hiyo humalizikia ofisi ya serikali ya mtaa. Kwenye tambarare kama ya Mikocheni shida ni kinyume chake, kwamba maji hayana pa kwenda.

Tambarare hizo ndizo pia ambako shimo la majitaka huleta aibu. Maji ya ardhini hupanda wakati wa masika, shimo ambalo mwezi Januari lilikuwa likinyonya vizuri hujaa kutoka nje, na dalili ya kwanza huwa choo kinachoshuka polepole au harufu inayotoka kwenye tundu la bafuni. Gari la kunyonya liitwe Februari, kabla bei haijapanda na kabla njia za mtaa hazijawa tope lisilopitika. Chemba zote zifunguliwe, zisafishwe, na mifuniko iliyopasuka ibadilishwe, kwani chemba isiyo na mfuniko ni hatari kwa watoto maji yanapofunika uwanja. Mabomba ya maji ya mvua yasiunganishwe kamwe na mfumo wa choo. Mafundi wengine hufanya hivyo ili kufupisha kazi, na mwenye nyumba hugundua siku majitaka yanapotokea jikoni. Kuhusu kutapisha choo, ile desturi ya kusubiri mvua kubwa ili kuachilia kinyesi kiende na mafuriko, hakuna haja ya kuipamba: ni kosa kisheria, na kinachoachiliwa huko juu hufika kwenye visima na vizingiti vya watu walioko chini. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo.

Kuta zinahitaji subira kuliko fedha. Rangi inayobanduka sentimita chache juu ya sakafu, pamoja na unga mweupe unaochujuka kwenye plasta, ni ishara kwamba maji yanapanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, na kupaka rangi nyingine juu yake ni kununua miezi mitatu tu. Kwanza udongo uliorundikana nje ya ukuta utolewe hadi chini ya usawa wa sakafu, maua yanayomwagiliwa yasogezwe, na maji ya gata yaelekezwe mbali. Plasta iliyokufa ikwanguliwe, ukuta uachwe wazi katika miezi ya kusi, ndipo upigwe plasta upya. Kuvu weusi wa kwenye pembe za chumba ni suala jingine, kwa kuwa huo hutokana na hewa. Kuvu huota pale ambapo unyevu wa uso wa ukuta unadumu kuanzia kama asilimia 80, kiwango ambacho hewa ya masika hukivuka kwa urahisi, hasa nyuma ya kabati lililobanwa ukutani au katika chumba ambacho nguo zinaanikwa ndani. Kabati lisogezwe upana wa kiganja, tundu za hewa zilizozibwa kwa magazeti kwa kuogopa mbu ziwekewe wavu badala yake, na madirisha yanayotazamana yafunguliwe mchana. Kuvu wafutwe kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini, madirisha yakiwa wazi, na dawa hiyo isichanganywe na sabuni ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ilisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, hawatoki kwenye mabwawa ya mbali. Huzaliana ndani ya uwani, kwenye matairi, ndoo, visahani vya maua na matangi yasiyo na mfuniko. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama siku saba hadi kumi, kwa hiyo kumwaga na kusugua vyombo mara moja kwa wiki hukata mzunguko huo. Kusugua kuna maana, kwa sababu mayai yao hushikilia kwenye ukingo wa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Tangi la maji lioshwe kabla ya mvua, boya lake likaguliwe, na bomba la kufurikia liwekewe wavu.

Umeme, kiyoyozi na mchwa nitavigusa kwa kifupi, si kwa udogo wake bali kwa kuwa kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni. Upande wa kabla ya mita ya LUKU ni wa TANESCO, na hakuna mpangaji wala mwenye nyumba anayepaswa kuugusa. Upande wa baada ya mita ni wa mwenye nyumba, naye ahakikishe kwamba waya wa ardhi upo na unafanya kazi, kwamba hakuna soketi kwenye ukuta unaopitisha maji, na kwamba taa za nje zina vifuniko. Chujio za kiyoyozi huoshwa na mpangaji kila mwezi katika miezi ya joto, na bomba lake la kutolea maji lisielekezwe kwenye msingi. Kumbikumbi wakizagaa kwenye taa baada ya mvua za kwanza ni jambo la kawaida, lakini mabawa yao yakikutwa yamerundikana ndani, chini ya fremu ya mlango, fremu hiyo igongwe kwa mpini wa bisibisi. Ikisikika tupu, mchwa wamekwisha kuingia.

Hatimaye mvua ya kwanza yenyewe itumike kama jaribio. Mpangaji azunguke vyumba vyote akiwa na tochi na penseli, na popote atakapoona unyevu kwenye dari auzungushie mstari, aandike tarehe na saa, kisha apige picha. Dari ya jipsamu ikianza kutuna kwa maji yaliyojaa juu yake, umeme wa chumba hicho uzimwe kwanza, ndoo iwekwe chini, na sehemu iliyotuna itobolewe tundu dogo ili maji yashuke polepole, kabla hayajaangusha ubao mzima. Mvua ikikatika na jua kurudi, kwa siku mbili au tatu hivi bati litakuwa kavu, na fundi atakayeitwa siku hizo atakuta mistari ya penseli inamsubiri.